Shavers Siyo Jibu: Bondia Bora wa Uzito wa Juu Asiyewahi Kuwa Bingwa wa Dunia

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Hapa kijiweni kwetu Tanga tumebishana wiki nzima: ni bondia gani wa uzito wa juu alikuwa na kipaji kuliko wote lakini hakuwahi kuwa bingwa wa dunia? Wengi wetu tunasema Earnie Shavers kwa sababu ya lile konde lake. Mwenzetu mmoja kamng'ang'ania David Tua, haambiliki. Mimi nina hamu ya kujua unamweka wapi yule Mnigeria, Ike Ibeabuchi. Na inakuwaje mtu wa uwezo huo akose mkanda? Tukatie mzizi wa fitina.

JIBU: Ndugu yangu, salamu zimefika, na wewe wafikishie wenzako zangu. Nianze kwa kuwaudhi walio wengi hapo kijiweni. Shavers siyo jibu. Mngeniuliza nani alikuwa na mkono mzito kuliko wote, ningemtaja kabla hamjamaliza swali. Mapambano 74 aliyoshinda, 68 aliyamaliza kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea, na Muhammad Ali alikuwa akitania kwamba ngumi za Shavers ziliwatikisa hata jamaa zake waliokuwa Afrika. Lakini mmeuliza kipaji, na kipaji ni pamoja na miguu, macho, pumzi, na akili ya kujua lini umalize kazi. Kwenye hayo Shavers alikuwa wa kawaida tu.

Litafuteni pambano lake na Ali la Septemba 29, 1977, Madison Square Garden, New York. Raundi ya pili anampata Ali kwa mkono wa kulia na miguu ya bingwa inalegea, kila mtu anaona. Ali anaanza vituko vyake, anakodoa macho, anajifanya kulewa. Shavers anasita. Anadhani anategwa. Kumbe Ali alikuwa ameumia kweli na vile vituko ndiyo ilikuwa njia yake ya kununua sekunde. Raundi ikaisha, nafasi ikaenda. Usiku ule televisheni ya NBC ilikuwa inatangaza alama za majaji baada ya kila raundi, na kona ya Ali ikaweka mtu wa kuangalia televisheni na kuleta habari. Kwa hiyo Ali alijua anaongoza, akagawa nguvu zake kwa mahesabu, na raundi ya 15, akiwa na miaka 35, ndiye aliyemaliza kwa kumsukumia mwenzake mvua ya ngumi. Majaji walimpa Ali wote watatu. Mmoja wao alikuwa Eva Shain, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa pambano la ubingwa wa dunia la uzito wa juu.

Shavers akapata nafasi ya pili, Septemba 28, 1979, dhidi ya bingwa Larry Holmes pale Las Vegas. Raundi ya saba mkono ule ule wa kulia ukampeleka Holmes chini mzima mzima. Sijui wangapi duniani wangeinuka pale. Holmes aliinuka, akakumbatia, akasogeza muda. Raundi ya 11 Shavers hakuwa na pumzi hata ya kuinua mikono vizuri na refarii akalimaliza. Kumbukeni pia kwamba Jerry Quarry alishammaliza Shavers ndani ya raundi moja mwaka 1973, na Ron Lyle akammaliza raundi ya sita mwaka 1975. Bondia mwenye kipaji kuliko wote hapigwi na kila mtu wa daraja lake.

Sasa, ubishi wenu hautaisha mpaka mtenganishe makundi mawili. Wapo waliopewa nafasi wakashindwa, na wapo walionyimwa nafasi kabisa. Mnachokifanya hapo kijiweni ni kuwajadili wale wa kwanza tu, kwa sababu hao ndio wenye video. Bondia wangu yuko kundi la pili, na jina lake ni Sam Langford.

Huyu bwana alizaliwa Weymouth Falls, Nova Scotia, Kanada, miaka ya 1880, akaondoka nyumbani angali mtoto na kuangukia Boston, Marekani. Urefu wake ulikuwa kama futi tano na inchi saba. Ndiyo, saba. Leo kijana wa kimo hicho akisema anataka kupigana uzito wa juu, kocha atamcheka. Lakini alikuwa na mabega mapana na mikono mirefu kupita kimo chake, na alikuwa akipiga kwa ufupi, bila kurudisha mkono nyuma kwanza, kiasi kwamba mtu alipigwa kabla hajaona ngumi imetoka.

Desemba 1903, akiwa bado kijana mbichi, alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi. Mkanda haukuwekwa mezani kwa sababu ya mambo ya kilo. Mwaka uliofuata akatoka sare na Joe Walcott wa Barbados, bingwa wa welta, daraja la juu ya wepesi. Bingwa wa wepesi amepigwa, bingwa wa welta kaponea kwa sare, na huyu ndiye mtu ambaye miaka michache baadaye alikuwa anawaangusha watu wa uzito wa juu. Mwaka 1909 alikwenda London akamlaza Iron Hague, bingwa wa uzito wa juu wa Uingereza, kwa KO raundi ya nne. Mwaka 1910 akapanda ulingoni na Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati. Mnielewe vizuri hapo. Sitaji watu wa vichochoroni, nataja mabingwa wa madaraja manne, na mtu mmoja amekutana nao wote ndani ya miaka saba.

Wanaomtetea Jack Johnson hunijia juu nikifika hapa. Wananiambia, si Johnson alishampiga Langford? Kweli alimpiga, Aprili 26, 1906, Chelsea, Massachusetts, kwa pointi za raundi 15, na alimwangusha pia. Siku hiyo Johnson alimzidi Langford karibu pauni 30, yaani kama kilo 13. Langford alikuwa bado hajajaa mwili. Alipojaa, Johnson hakutaka tena kusikia habari zake.

Johnson alitwaa ubingwa Sydney, Desemba 26, 1908, kwa kumchapa Tommy Burns, akawa mtu mweusi wa kwanza kuushika. Aliushika mpaka Aprili 5, 1915, pale Havana, alipopigwa na Jess Willard raundi ya 26. Katika miaka yote hiyo alimpa nafasi bondia mweusi mmoja tu, Battling Jim Johnson, Paris, Desemba 19, 1913, wakatoka sare. Siku iliyofuata, Paris hiyo hiyo, Langford alikuwa ulingoni akimshinda Joe Jeannette. Bingwa na mpinzani wake halali wote wako jiji moja, na bingwa kachagua mtu mwingine. Mimi Johnson namheshimu sana kwa aliyoyavumilia, lakini hilo sitalipaka rangi. Kibiashara alikuwa na hoja: watazamaji weupe walikuwa wanalipa pesa nyingi kuona mtu mweupe akijaribu kumwondoa, na pambano la weusi wawili lilikuwa na hatari kubwa kwa malipo madogo.

Baada ya Johnson kupigwa, mlango ulifungwa kabisa. Mabingwa weupe na mapromota wao walikataa kumpa mtu mweusi pambano la ubingwa wa uzito wa juu, na ukimya huo ulidumu miaka 22, mpaka Joe Louis alipomlaza James Braddock Chicago, Juni 22, 1937. Katika muda huo mabondia weusi wakubwa walibaki kupigana wao kwa wao, wakigombea ubingwa wao wa weusi, usiku baada ya usiku, kwa sababu ndiyo ilikuwa riziki. Langford alipigana na Harry Wills zaidi ya mara 15. Na Jeannette na Sam McVea, zaidi ya mara kumi kila mmoja. Hao McVea na Jeannette ndio waliopigana raundi 49 huko Paris, Aprili 17, 1909, kwa zaidi ya saa tatu, mpaka McVea akashindwa kunyanyuka kitini. Jeannette, mshindi, alikuwa ameshaangushwa zaidi ya mara 20. Daktari wa leo angelisimamisha pambano hilo mapema sana.

Mwaka 1917, katika pambano na Fred Fulton pale Boston, jicho moja la Langford liliharibika. Hakuacha. Mwaka 1922, akiwa anaona kwa shida, alimwangusha Tiger Flowers raundi ya pili, na huyo Flowers miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Mwaka 1923 akatwaa ubingwa wa uzito wa juu wa Mexico akiwa karibu kipofu, akitegemea kumsogelea mtu mpaka mwili uguse mwili ndipo apige. Mwandishi wa habari Al Laney alimkuta mwaka 1944 kwenye chumba huko Harlem, kipofu kabisa na hana kitu. Habari ile ilipochapishwa watu wakachanga, ukaundwa mfuko wa kumtunza, na aliishi hadi 1956. Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1920, mtu aliyesifiwa kwa kutomwogopa yeyote, aliandika uzeeni kwamba yupo mmoja aliyemwogopa, na huyo alikuwa Langford.

Harry Wills nimemgusa tu, na anastahili neno lake. Alikuwa mpinzani namba moja wa Dempsey kwa miaka. Kamisheni ya ngumi ya New York iliamuru Dempsey apigane naye, mkataba ukasainiwa mwaka 1925, pesa ya promota haikuonekana, pambano likafa. Dempsey alikaa miaka mitatu bila kutetea mkanda, kisha akaenda Philadelphia mwaka 1926 kupigwa na Gene Tunney, kwa sababu New York walikuwa bado wanamtaka Wills. Ila Wills namweka chini ya Langford. Langford mkongwe na mfupi alimlaza kwa KO zaidi ya mara moja.

Najua mtaniambia: mtaalamu, huyo wa mwaka arobaini na saba hatuwezi kumwona, tupe mtu wa kwenye video. Haya. Jimmy Young wa Philadelphia.

Huyu hata mashabiki wakongwe humsahau, kwa sababu hakuwa na ngumi ya kutisha wala mdomo. Mwaka 1973, bado mchanga kazini, Shavers alimsimamisha raundi ya tatu. Walipokutana tena mwishoni mwa 1974 walitoka sare. Ron Lyle, Young alimshinda mara mbili, 1975 na 1976. Aprili 30, 1976, akapewa Ali, pale Landover, Maryland. Ali alikuja mzito, kama pauni 230, akidhani anakuja kupumzika. Young akamnyima kila kitu. Ali akitaka kuja mbele, Young anarudi hatua moja na kumwachia jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele. Ali akitaka kumvuta aje, Young haji, anasimama tu pale katikati akisubiri. Alimfanyia Ali yale ambayo Ali aliwafanyia wengine miaka kumi na mitano.

Na hapo hapo akajiharibia. Kila alipobanwa, alikuwa akitoa kichwa nje ya kamba ili refarii awatenganishe. Alifanya hivyo mara kadhaa, na mara moja refarii akaanza kumhesabia. Kanuni haikumkataza kwa namna ya kumwondoa, lakini mtu anayetaka kumvua Ali mkanda hawezi kuonekana anachungulia nje ya ulingo kama abiria wa daladala. Majaji wakampa Ali. Watazamaji wakazomea. Mimi nikilihesabu namwona Young mbele kidogo, lakini namwelewa jaji aliyesita.

Machi 17, 1977, San Juan, Puerto Rico, wakamletea George Foreman, yule aliyepigwa na Ali Kinshasa, aliyekuwa anawinda marudiano na Ali. Kama kijiwe kina muda wa pambano moja tu, tazameni hili. Raundi ya saba Foreman anampata Young kwa mkono wa kushoto, Young anayumba kuanzia kichwani hadi magotini, na joto la ukumbini linawamaliza wote wawili. Angalieni mikono ya Young wakati huo. Badala ya kurusha ngumi za woga, anaibana mikono ya Foreman kwapani, anampa uzito wake wote auchukue, anapumua. Raundi zilizofuata ndiye aliyekuwa anaongoza, na raundi ya 12, ya mwisho, akamwangusha Foreman. Foreman alishuka ulingoni, akapatwa na mambo ya kiroho chumba cha kubadilishia nguo, akaacha ngumi miaka kumi na kuwa mhubiri.

Novemba 5, 1977, Young akakutana na Ken Norton Las Vegas, raundi 15, mshindi awe mpinzani rasmi wa mwenye mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia. Norton akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Miezi michache baadaye Leon Spinks, aliyempiga Ali Februari 1978, akachagua kurudiana na Ali badala ya kupigana na Norton. WBC wakamvua mkanda na kumvika Norton, kwa kuhesabu ushindi ule dhidi ya Young. Maana yake ni kwamba jaji mmoja angeandika tofauti, Jimmy Young angeamshwa asubuhi na kuambiwa yeye ni bingwa wa dunia. Baada ya Norton alishuka haraka, mazoezi yakalegea, akaanza kupigwa na watu wa kawaida. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 56. Na Foreman? Alirudi, akautwaa ubingwa akiwa na miaka 45, Novemba 5, 1994, tarehe ile ile ambayo Young aliukosa.

Quarry na Lyle nitawapitia haraka. Quarry alikuwa fundi wa kujibu ngumi kwa ngumi, ila nyusi zake zilichanika kirahisi na alizaliwa kipindi kibaya: Ali mara mbili, Frazier mara mbili, Norton. Fainali ya 1968 ya kutafuta bingwa wa WBA, shirika jingine la ngumi, aliipoteza kwa Jimmy Ellis kwa kusubiri kupita kiasi. Lyle alianza ngumi za kulipwa mwaka 1971, miaka thelathini, akitokea gerezani Colorado. Mwaka 1975 alikuwa mbele ya Ali kwenye kadi za majaji mpaka alipokamatwa raundi ya 11. Angeanza mapema, huenda leo tungekuwa tunaongea mengine. Teófilo Stevenson wa Kuba, dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976 na 1980, simwingizi kabisa. Hakutaka ngumi za kulipwa, na kumpima kwa raundi tatu za ridhaa ni kubahatisha.

Mtetezi wa Tua naye asivunjike moyo. Tua wa Samoa na New Zealand aliwapiga John Ruiz kwa sekunde 19, Hasim Rahman, Oleg Maskaev, na Michael Moorer kwa sekunde 30. Wote wanne walivaa mkanda wa dunia, kabla au baada yake. Nafasi yake ilikuja Novemba 11, 2000, dhidi ya bingwa Lennox Lewis, na hapo futi tano na inchi kumi zilikutana na futi sita na inchi tano. Alikuja na pauni 245 na silaha moja, mkono wa kushoto, na kwa raundi 12 hakuwa na njia nyingine ya kuingia. Langford alikuwa mfupi kuliko yeye na aliingia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema.

Enzi nazo zina mchango wake. Young alikuwa na mikanda miwili tu ya kugombea, WBA na WBC. IBF ilianza kutoa yake miaka ya 1980, kisha WBO. Januari 2016 Charles Martin alipata mkanda wa IBF kwa sababu goti la Vyacheslav Glazkov lilimwachia raundi ya tatu, akakaa nao pungufu ya miezi mitatu, Anthony Joshua akauchukua. Martin yumo kwenye orodha ya mabingwa, Langford na Young hawamo.

Nimekuja kwa Ibeabuchi wako. Juni 7, 1997, Sacramento, yeye na Tua, wote hawajapoteza, walirushiana ngumi 1,730 kwa hesabu ya kompyuta, rekodi ya uzito wa juu, na Ibeabuchi akashinda kwa pointi. Machi 1999 akamlaza Chris Byrd raundi ya tano, na Byrd alikuwa mtu ambaye wenzake walishindwa hata kumgusa. Mwaka mmoja baadaye Byrd akawa bingwa wa WBO. Ibeabuchi mwenyewe alikamatwa Las Vegas mwaka huo huo wa 1999 kwa kesi ya shambulio la kingono dhidi ya mwanamke, akafungwa miaka mingi, rekodi wakati huo ikiwa 20 bila kupoteza. Hakuna aliyemnyima, wala jaji hakumwonea. Kwa hiyo namweka pembeni: pambano mbili kubwa hazinitoshi kumlinganisha na mtu aliyepigana zaidi ya mara 200. Angepigana na Lewis mwaka 2000? Ningemwekea Lewis hela yangu, lakini siyo hela ya kodi ya nyumba.